Vikapu vya Mananasi

Mara nyingi twajiuliza, "Mimi ni nani hata niliweze jambo hili?" Wanawake wa Kivu walikwisha kutujibu kwa matendo.

Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, nyumbani kwake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa. Yeye akaokoka, akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa zake. Wanawake aliowatibu wangaliweza kukaa na kulia. La! Waliuza mananasi na vitunguu, wakakusanya fedha kidogo kidogo za kumnunulia tiketi ya ndege. Januari 2013 daktari akarudi, na mwaka 2018 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Wasomaji wapenzi, mama wale hawakungoja kwanza wawe matajiri. Mwenye majivuno hujisifia asichonacho. Ajiaminiye hutumia alicho nacho. Basi mwanafunzi aogopaye kuinua mkono darasani, na mama anyamazaye mkutanoni, tuanze leo na kikapu kilicho mikononi mwetu. Haba na haba hujaza kibaba.