Je, Wajua? Nyungunyungu Wengi Si Lazima Wawe Neema

Je, wajua kwamba mti mgeni mmoja unaweza kubadili jamii nzima ya viumbe waishio ardhini? Katika visiwa vya Hawaii, Marekani, mti uitwao Morella faya, wenye asili ya visiwa vya Azores, Madeira na Kanari, umevamia ardhi ya volkano isiyo na rutuba nyingi. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa mti huo huongeza nitrojeni inayoingia ardhini takribani mara 4. Majani yake yakidondoka na kuoza, nyungunyungu hushamiri chini yake kuliko chini ya ohia, mti wa asili.

Wapo watakaouliza: nyungunyungu wengi na rutuba tele, ubaya uko wapi? Kwa shamba la mahindi, hoja hiyo ina uzito. Lakini nyungunyungu hao nao ni wageni, na misitu ya Hawaii imezoea udongo fukara. Rutuba ikizidi, mimea mingine ya kigeni hupata nguvu ya kuisonga ile ya asili. Nguruwe mwitu nao huwafuata nyungunyungu, hufukua ardhi kwa pua na kung'oa miche, huku wakisambaza mbegu za mti uleule kwa kinyesi chao. Basi wingi wa viumbe pekee haupimi afya ya udongo. Lazima tujue ni viumbe gani. Kabla ya kupanda mti wa kigeni kwa sifa ya kurutubisha ardhi, tuchunguze kwanza utamlisha nani.