KUTETEMEKA KWA MZEE SI UCHAWI

Upupu, mazoezi na saa ya kula vyaweza kumsaidia mgonjwa wa Parkinson, lakini kwanza apelekwe hospitali

Mzee anapoanza kutetemeka mkono hata akiwa ametulia, akatembea kwa kuburura miguu na uso wake ukawa kama umeganda, majirani huwa na majibu matatu: uzee, majini au uchawi. Kwa familia zenye wazazi Kikoneni na vijiji vingine vya Kwale, jibu hilo la tatu si la mzaha. Katika kaunti za Kwale na Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi.

Liko jibu la nne, nalo lina zaidi ya miaka 200. Mwaka wa 1817 daktari wa London, James Parkinson, alieleza ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ndio uliompata bondia mashuhuri Muhammad Ali, ambaye madaktari walimtambua kuwa nao mwaka wa 1984 akiwa na umri wa miaka 42.

Ugonjwa huu huanzia ubongoni. Chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Kemikali hiyo ndiyo huusaidia ubongo kuongoza viungo. Ikipungua, mwili huwa mzito, hukakamaa na kutetemeka. Tiba ya kuumaliza haijapatikana, lakini mgonjwa anaweza kuishi nao miaka mingi akitunzwa vyema.

Shida kubwa kwetu ni kutojua. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kuwa walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Dawa iliyo kichakani

Huenda ukastaajabu kusikia kwamba upupu, ule unaomfanya mtu ajikune hadi machozi yamtoke, una dawa ya ugonjwa huu. Mbegu zake zina levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Levodopa hiyo hiyo ndiyo iliyo katika vidonge vya hospitali, pamoja na kabidopa inayoizuia isiishie njiani.

Mwaka wa 2004, watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa wanane. Gramu 30 za dawa ya mbegu za upupu zilianza kufanya kazi haraka kuliko vidonge. Lakini huko Bolivia, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, wagonjwa 14 walipewa unga wa mbegu hizo kwa wiki kadhaa, na nusu yao wakaacha kwa sababu ya matatizo ya tumbo au hali yao kuzorota.

Kwa hivyo, msomaji, usikimbilie kumsagia babu upupu. Kidonge kimepimwa, mbegu ya kichakani haijapimwa, na nguvu za mbegu hazilingani.

Miguu isilale

Mazoezi nayo ni sehemu ya matibabu. Nchini Uholanzi, utafiti wa mwaka wa 2019 uliwahusisha wagonjwa 130. Waliopiga pedali za baiskeli ya mazoezi nyumbani kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, hawakuzorota sana katika miezi sita kama wenzao waliojinyoosha viungo tu.

Asiye na baiskeli atembee kwa kasi inayomfanya ahemeke kidogo, akiwa na mtu wa kumshika asianguke. Mdundo wa ngoma au kuhesabu kwa sauti humsaidia mgonjwa ambaye miguu yake hukwama.

Chakula na saa ya dawa

Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Kidonge kikimezwa pamoja na sahani ya maharagwe, nyama au samaki, huenda kisifanye kazi vizuri. Kwa kawaida hushauriwa kimezwe kama nusu saa kabla ya chakula. Si kwamba mgonjwa asile samaki. Ni kupanga saa tu. Kwa kuwa wengi husumbuliwa na kufunga choo, anywe maji ya kutosha na ale mboga, mapapai na machungwa.

Wewe uliye Mombasa au Nairobi, ukienda likizo mtazame nyanya anavyotembea na anavyoshika kikombe. Si kila kutetemeka ni Parkinson. Tezi ya shingo na baadhi ya dawa pia huleta hali hiyo. Mpeleke hospitali apimwe. Akipewa vidonge, asiviache ghafla bila ushauri wa daktari. Kisha waeleze majirani jina la ugonjwa huo, tena waziwazi. Huenda maneno hayo yakamlinda kama dawa yenyewe.