Sarafu za Kale: Tusiuziwe Mbuzi Ndani ya Gunia



Miaka hii vijana wetu hapa Uingereza wameingiwa na hamu ya kukusanya sarafu za kwetu: pesa za shaba za Seyyid Barghash zenye alama ya mizani, za 1299 na 1304 Hijria, riale za Maria Theresa, na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Hamu hiyo ni njema. Lakini aghalabu wananunua kwa njia ya intaneti, kwa kutazama picha tu, na wauzaji wengine hawana haya.

Tuanze na riale. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, na riale yake imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo, Vienna, na pia London, Roma na Bombay. Basi tarehe ya 1780 haishuhudii umri wa sarafu. Nyingi mno ni za kupigwa baadaye, na bei yake haipaswi kupita sana thamani ya fedha iliyomo. Riale ya kweli ina uzito wa gramu 28 na kidogo, fedha ikiwa sehemu 833 katika 1000, na ukingo wake una maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Muuzaji akikataa kupiga picha ya ukingo, mwache na mali yake.

Shilingi nazo zina siri yao. Za tangu 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Anayekuuzia ya 1950 kwa jina la fedha, ama hajui au anakudanganya.

Zaidi ya hizo jihadharini na rupia 15 za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, na riale ya fedha ya Barghash ya 1299. Hizo ni adimu, na zimeigizwa. Kitu adimu hakiuzwi kwa bei ya mchicha.

Sisi tuliosoma fiqhi chuoni tunakumbuka mlango wa biashara. Katika madhehebu ya Shafi, kauli yenye nguvu haisihishi kuuza kitu maalumu kisichoonekana. Mahanafi wamejuzisha, lakini wakampa mnunuzi hiyari akishakiona. Na aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Sheria ya hapa nayo, tangu kanuni za 2013, humpa anayenunua kwa mfanyabiashara kwa mbali siku 14 za kughairi, lakini si kwa mtu binafsi anayeuza vyake. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, sheria ya 1974 inaifanya benki iwe dhamana pamoja na muuzaji. Usipeleke fedha taslimu kwa usiyemjua.

Kabla ya kulipa, taka picha za pande zote mbili na ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani. Ikifika, ipime mwenyewe, na ijaribu kwa sumaku: fedha na dhahabu hazivutwi. Wala usiisugue kwa majivu wala ndimu, maana sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani.

La mwisho ndilo linaloniuma. Zipo nyumba zilizouza riale za bibi, zilizotoka Unguja mwaka 1964 zikiwa zimeshonewa ndani ya pindo la nguo, ili wapate kununua nyingine "za kale zaidi" zisizojulikana zimetoka wapi. Riale ya bibi huenda haina bei kubwa sokoni, lakini tunajua nani aliishika na kwa nini. Wazee, fungueni makasha yenu, waiteni wajukuu, muwaeleze; na nyinyi vijana andikeni majina na miaka kabla wenyewe hawajaondoka. Mkusanyo wa kwanza wa sarafu uanzie nyumbani.

Wassalaam.