Ganzi ya Mfyeka Nyasi wa Hospitali

Ukitaja mtetemo wa mashine hospitalini, wengi hufikiria drili ya mifupa au msumeno wa kukatia hogo. Kumbe hizo hushikwa dakika chache tu. Katika hospitali za eneo la Rufiji, kama za Kibiti na Utete, wa kuangaliwa kwanza ni anayefyeka nyasi kwa mashine masika nzima, na fundi wa grainda. Visiwani, Kiongoroni au Maparoni, huduma ya mkoba hufika kwa boti, na anayeshika mkono wa injini naye yumo.

Hatari inategemea nguvu ya mtetemo na muda. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2002, unamtaka mwajiri achukue hatua iwapo wastani wa mtetemo kwa saa nane unapita mita 2.5 kwa sekunde mraba. Ukomo ni 5. Mashine yenye mtetemo wa 5 hukufikisha kwenye 2.5 kwa saa mbili. Yenye 10, kwa nusu saa: mtetemo ukiwa maradufu, muda unabaki robo. Ndiyo maana kisu chenye pengo, kinachoongeza mtetemo, si jambo dogo.

Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, ambao vidole vyao vilikufa ganzi na kuwa vyeupe asubuhi za baridi. Weupe huo ukawa ndiyo alama ya ugonjwa wa mtetemo. Lakini huletwa na baridi, na Rufiji baridi hiyo haipo. Hapa mtu hupata ganzi, vidole humchomachoma usiku, kufunga vifungo vya shati kunamshinda. Akifika kwa daktari anaweza kudhaniwa ana kisukari, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anashika mashine gani na kwa saa ngapi.

Glovu nene hazitoshi. Mtetemo mwingi hupenya. Kinachosaidia ni kisu kizima, kupokezana, na kushika bila kukaza.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya. Tatizo ni kwamba mfyekaji mara nyingi ni kibarua wa kampuni ya usafi, hayumo kwenye orodha ya watumishi. Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni mkataba wa usafi: uandikwe humo aina ya mashine, saa za mtu mmoja kwa siku, na nani atalipia vipimo.