Karatasi za Fustat na Watu Waliozikusanya

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, wala sultani mwenye mabinti saba. Ina chumba kilichojaa karatasi chakavu, na ina watu waliojitolea maisha yao kuzisoma. Nawasimulia ili mjue kwa nini wanazuoni, ambao wengi wetu hudhani hukaa peke yao na vitabu vyao, huunda vyama na kusafiri mbali ili wakutane.

Twendeni Misri. Kabla mji wa Kairo haujajengwa, palikuwa na mji uitwao Fustat, ambao leo ni sehemu ya Kairo ya kale. Hapo pana sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, liitwalo Ben Ezra. Wayahudi wana desturi ya kuheshimu maandishi: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani. Huwekwa mahali maalumu, paitwapo geniza, mpaka siku itakapozikwa. Geniza ya Ben Ezra ilikuwa chumba kisicho na mlango wala dirisha. Mtu alipanda ngazi, akatumbukiza karatasi zake katika tundu lililokuwa juu ukutani, akashuka, akaenda zake.

Watu wa Fustat hawakutumbukiza maandiko ya dini tu. Walitia humo barua za biashara, mikataba ya ndoa, hati za madeni, mashauri ya kadhi wao, hata vitabu vya watoto waliokuwa wakijifunza alifu na be yao ya Kiebrania, vyenye herufi kubwa zilizotiwa rangi. Nyingi hazikuzikwa kamwe. Zikarundikana karne baada ya karne, na kwa kuwa mvua ya Misri ni haba, hazikuoza.

Sasa sikilizeni zilivyogunduliwa. Mwaka 1896, dada wawili mapacha, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Uingereza kutoka safari ya Mashariki. Walikuwa Wakristo wa Uskochi, na walikuwa wamejifunza Kiarabu, Kiebrania na Kisiria. Wakamwonyesha rafiki yao kurasa walizozinunua huko. Rafiki huyo alikuwa Solomon Schechter, Myahudi mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipoutazama ukurasa mmoja, moyo ulimwenda mbio: ulikuwa wa kitabu cha hekima cha Yoshua bin Sira, kwa Kiebrania! Dunia ilikuwa nacho kwa Kigiriki, lakini maandishi ya Kiebrania yalikuwa yamepotea kwa karne nyingi.

Mwezi Desemba mwaka uleule Schechter akafunga safari ya Kairo. Nauli na gharama zilitoka kwa Charles Taylor, kasisi wa Kianglikana aliyekiongoza chuo kimoja cha Cambridge. Viongozi wa Wayahudi wa Kairo walimruhusu achukue atakacho. Akaingia katika chumba kile, akafanya kazi kwa majuma kadhaa katika vumbi lililomwumiza kifua, akapakia makasha. Leo mkusanyo huo wa Cambridge una vipande vipatavyo 193,000.

Tazameni, wanangu, ni nani waliofanya kazi hii. Mapacha Wakristo waliosoma lugha, mwalimu Myahudi aliyeitambua karatasi, kasisi aliyetoa fedha, na wazee wa sinagogi waliofungua njia. Mmoja wao angekosekana, hadithi ingekatika.

Lakini Schechter hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuchukua karatasi hizo. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuuzwa, zikafika Oxford, St Petersburg, Budapest, Paris na New York. Ukurasa mmoja uliochanika ungeweza kuwa na nusu yake katika nchi hii na nusu nyingine ng'ambo ya bahari. Aliyekuwa na nusu ya juu alijua barua imetoka kwa nani. Aliyekuwa na nusu ya chini alijua imeandikwa lini. Wasipozungumza, wote wawili hawana barua.

Tena kusoma kwenyewe si kazi nyepesi. Barua nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, kama vile wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Msomaji anahitaji lugha mbili kichwani, na zaidi ya hizo ajue bei za pilipili, sheria za ndoa, majina ya bandari na tabia za pepo za msimu. Nani anayajua yote hayo peke yake?

Alikuwapo aliyejaribu. Jina lake ni S. D. Goitein, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1900, akafundisha Jerusalem kisha Marekani. Kupitia barua hizo aliwafuatilia wafanyabiashara waliotoka Misri, wakapita Aden na kuvuka Bahari ya Hindi. Mmoja wao alikuwa Abraham Ben Yiju, mwenyeji wa Mahdia katika Tunisia ya leo. Karibu mwaka 1132 alihamia Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Alikuwa na kiwanda cha vyombo vya shaba, na alisafirisha pilipili na chuma. Marafiki zake wa Aden walimletea sukari, zabibu na karatasi za kuandikia. Huko Mangalore alimwacha huru mjakazi wa Kihindi aitwaye Ashu, na wakapata watoto.

Mwaka 1149 Ben Yiju alirudi Aden na watoto wake. Aliporudi alisikia kwamba mji wao wa Mahdia umetekwa na jeshi la mfalme wa Sisilia, na ndugu zake wametawanyika. Akawaandikia waje waishi pamoja naye, akaahidi kumwoza binti yake kwa mpwa wake. Barua hiyo ingali ipo, Oxford. Na ndoa ilifungwa Fustat mwaka 1156! Hebu fikirini: mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, hakuwa mfalme wala nabii, nasi tunajua jinsi alivyowatafuta ndugu zake.

Goitein alikusanya barua hizo za India kwa zaidi ya miaka thelathini. Akafariki mwaka 1985, kitabu chake hakijachapwa. Je, kazi ilikufa naye? La. Mwanafunzi wake, Mordechai Akiva Friedman, aliipokea, akasahihisha na kuongeza, na mwaka 2008 kitabu kikatoka kwa Kiingereza chenye majina ya wote wawili.

Hapo ndipo chama cha wanazuoni kinapoingia. Mwaka 1947 watafiti wa taaluma za Kiyahudi walikutana Jerusalem katika kongamano lao la kwanza la dunia. Ulikuwa mwaka wa pili tu tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuisha, vita ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita, wakateketeza masinagogi, shule na maktaba zao. Walimu wengi waliokuwa wakijua mambo haya walikuwa wameuawa. Waliosalia walijua kwamba kila mmoja amebaki na kipande.

Kongamano la pili lilifanyika mwaka 1957, na tangu hapo Umoja wa Dunia wa Taaluma za Kiyahudi umekuwa ukiwaita wanazuoni Jerusalem, kwa kawaida kila baada ya miaka minne. Wengine wanasoma Biblia ya Kiebrania, wengine historia, wengine sheria na falsafa, wengine lugha, fasihi na sanaa, wengine maisha ya Wayahudi wa leo. Sehemu nyingine za dunia nazo zikaunda vyama vyao: Marekani mwaka 1969, Ulaya mwaka 1981.

Wakikutana hufanya nini? Mtu husimama, akaeleza alichogundua, kisha wenzake wakamhoji. Mmoja atasema, "Tarehe hiyo haiwezekani." Mwingine atasema, "Mwandiko huo nimeuona katika maktaba yetu." Kijana aliyeanza utafiti juzi hukaa meza moja na bingwa ambaye amekuwa akimsoma vitabuni. Vyama huchapisha majarida, na vingine hutoa ruzuku ya mikutano. Na mlango hauulizi dini: anayetaka kujua kwa uaminifu anakaribishwa.

Moyo huo umefika hata kwenye maktaba zenyewe. Vipande walivyovikusanya wale mapacha wawili, vipatavyo 1,700, vilipouzwa mwaka 2013, vyuo vikuu vya Cambridge na Oxford, wapinzani wa tangu na tangu, vilichanga fedha vikavinunua kwa pamoja. Vipande vingi sana vya Fustat vimepigwa picha, na kompyuta hulinganisha miandiko na kusaidia kukutanisha kurasa zilizotengana. Mwaka 2017 watu wa kawaida walialikwa kusaidia kuvipanga vipande kwa kutazama maumbo ya herufi tu, hata wasiojua Kiebrania.

Kwa hiyo, wanangu, mkiwa na swali linalowanyima usingizi, lishughulikieni kwa bidii, kisha mtafuteni mwenye nusu yake ya pili. Mwulizeni bila aibu, mpeni mlicho nacho bila choyo, na mkubali kusahihishwa. Goitein aliacha kazi haijakamilika, lakini hakuiacha bila mtu. Mwanachuoni anayefanya hivyo hapotezi kitu alichokijua, hata siku zake zikiisha kabla ya swali lake.