Kwa Nini Mtoto Hupata Joto Baada ya Chanjo?

Ndugu mzazi wa Mgololo, mtoto akichanjwa, pengine usiku hupata joto. Usisusie sindano ijayo. Ni askari wa mwili wameamka.

Askari hao hukijua kijidudu kwa ngozi yake, yenye mafuta yaliyoshikana na sukari. Wataalamu waliyatoa mafuta hayo katika kijidudu cha jamii ya homa ya matumbo, wakayapunguza ukali, wakayatia katika chanjo ya malaria. Sasa mengine hutengenezwa maabara, bila kijidudu.

Katika majaribio ya 2009 hadi 2014, Korogwe na Bagamoyo zikiwamo, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliochomwa mara 4 walipungukiwa na malaria kwa theluthi moja hivi. Theluthi si yote. Chandarua usikifugie kuku!

Joto likiwa kali, likipita siku moja, au akipata degedege, mlete zahanati upesi.