Kupima Joto la Ndama Nyumbani

Fungua daftari lako, maana leo tutaandika tarakimu.

Ndigana kali, ambayo Wamasai huiita oltikana, huenezwa na kupe wa masikio. Ndama huvimba tezi chini ya sikio, hushikwa na homa, na mwishowe hupumua kwa shida. Asipotibiwa mapema, huweza kufa kabla ya mwezi kwisha.

Wengi hupima homa kwa kushika sikio. Asubuhi ya baridi huko Ngorongoro sikio hudanganya! Tumia kipimajoto, kabla ndama hajatoka juani. Kama ni cha zebaki, kikung'ute kwanza. Kipake mafuta, inua mkia, kitie katika njia ya haja kubwa, ukishikilie dakika 2. Joto la ndama mzima ni kati ya digrii 38.5 na 39.5.

Andika hivi: Jumatatu, 39.0. Jumanne, 40.6. Jumanne hiyo hiyo mwone bwana mifugo, na daftari mkononi. Akitoa dawa, endelea kupima kila siku, naye atajua kama dawa inafaa.

Usichome sindano kwa kukisia. Oksitetrasaiklini ya dukani, ambayo wengi huikimbilia, haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Kazi yake ni nyingine: huchomwa pamoja na chanjo, ndama akiwa bado mzima. Chanjo hiyo ina vijidudu hai, kwa hiyo hata ndama aliyechanjwa mpime wiki zile za kwanza.